Mazungumzo na Bwana Shamba: Kopo la Nusu Lita na Nusu Kilo ya Unga

Mwezi huu hatuendi shambani. Tunaingia jikoni. Msishangae. Bwana Shamba naye anakula, na mazao yote yanayotoka shambani safari yake inaishia jikoni. Tena jambo nitakalolieleza lilitaka kumvunjia heshima mama mmoja asiye na kosa. Kosa lilikuwa la watu wengi, na mimi nilikuwa mmoja wao.

Katika kijiji kimoja cha tarafa ninayofanyia kazi kuna darasa la chekechea. Watoto ni 40. Akina mama wa kijiji hicho wana kikundi chao cha watu 20. Walikubaliana kwamba kila Jumamosi kila mama alete nusu kilo ya unga wa mahindi. Unga huo upikwe uji wa watoto kuanzia Jumatatu mpaka Ijumaa.

Hesabu yao ilikuwa nzuri. Nusu kilo mara 20 ni kilo 10. Kila mtoto apate uji wa gramu 50 za unga kwa siku. Gramu 50 mara watoto 40 ni gramu 2,000, yaani kilo 2. Kilo 2 kwa siku tano ni kilo 10. Hakuna kinachobaki, hakuna kinachopungua.

Kijijini hapo hapakuwa na mizani, ila ya dukani. Kwa hiyo walipima kwa kopo. Lilikuwa kopo la bati linalojaa maji ya chupa moja ya nusu lita. Kila mama alipoleta unga, mtunza stoo alijaza kopo, akafuta kilele kwa mgongo wa kisu, akamimina katika ndoo yenye mfuniko. Kisha aliandika katika daftari: "nusu kilo." Mtunza stoo huyo ni mama mtu mzima. Alijifunza kusoma na kuandika katika darasa la kisomo akiwa tayari ana wajukuu. Daftari lake ni safi kuliko langu.

Mambo yalikwenda hivyo kwa miezi mingi bila maneno. Mpishi naye alipima kwa kopo lilelile. Kila asubuhi makopo manne, kwa siku tano makopo 20. Unga uliisha siku ya Ijumaa, kama ilivyopangwa. Kulikuwa na lalamiko moja tu. Mwalimu alisema uji ni mwepesi mno, na watoto wanaanza kulia njaa kabla ya saa tano. Mpishi akajibu kwamba yeye anafuata kipimo alichopewa.

Halafu darasa likapata mizani ndogo ya jikoni. Mwalimu akamwambia mpishi, "Mama, kuanzia leo tupime kilo mbili kamili kwa mizani." Mpishi akapima. Uji ukawa mzito na watoto wakashiba. Jumatatu ikapita, Jumanne ikapita, Jumatano ikapita. Alhamisi asubuhi mpishi alifunua ndoo akakuta unga usiofika hata kopo moja.

Daftari lilisema ziliingia kilo 10. Jikoni zilipikwa kilo 6. Kilo 4 zimekwenda wapi?

Wiki iliyofuata ikawa vilevile. Hapo maneno yakaanza. Stoo ina ufunguo mmoja, na ufunguo anao mtu mmoja. Mtu mmoja akasema amewaona kuku wa mtunza stoo wamenenepa. Mwingine akasema kwamba mwanawe wa mjini alipokuja kumtembelea aliondoka na mfuko. Mnajua maneno ya kijiji yanavyokwenda. Mama wa watu akawa haendi tena kisimani wakati wenzake wapo.

Mwenyekiti wa kikundi aliitisha mkutano, na mimi nikaitwa. Nilifika nikakuta watu wamekaa kimya. Mtunza stoo alikuwa amekwisha kuweka ufunguo juu ya meza. Hakusema neno.

"Shikamoo mama," nikamsalimu mwenyekiti.

"Marahaba mwanangu. Kaa hapo. Leo wewe ni shahidi. Je, si wewe uliyetufundisha kwamba lita moja ni kilo moja?"

Nikakumbuka. Mwaka uliotangulia niliwafundisha akina mama hao kupima maziwa ya mbuzi. Niliandika ubaoni kwa herufi kubwa: "Lita 1 ni kilo 1." Wote wakaandika katika madaftari yao. Kwa maji jambo hilo ni kweli. Kwa maziwa ni karibu kabisa na kweli. Lakini sikuandika "ya maji." Maneno hayo mawili niliyaacha, na wao wakaichukua hesabu ya maji wakaipeleka kwenye unga.

Nikaomba ile mizani ya mwalimu, kopo na ndoo ya unga. Kwanza tulipima kopo tupu tukaandika uzito wake. Kisha tukalijaza maji, tukaondoa uzito wa kopo. Yakabaki maji ya gramu 500. Nusu kilo barabara. Watu wakatikisa vichwa. Tukamwaga maji, tukalifuta kopo likakauka, tukalijaza unga kama mtunza stoo anavyojaza siku zote, na kilele tukakifuta kwa kisu. Tukaondoa tena uzito wa kopo. Unga ulikuwa gramu 310.

Nikamwomba mama mmoja kijana apige hesabu mbele ya wote. Gramu 310 mara makopo 20 ni gramu 6,200. Hizo ni kilo 6 na gramu 200. Mpishi alipika kilo 2 kwa siku tatu, jumla kilo 6. Ndani ya ndoo zikabaki gramu 200, ule unga usiofika hata kopo moja. Hakuna hata kijiko kilichoibwa.

Mwenyekiti alisimama, akauchukua ufunguo mezani, akaurudisha kwa mikono miwili. "Tusamehe, mwenzetu," alisema. Mtunza stoo alipokea. Baadaye aliniambia, "Baba, hesabu yako ya ubaoni ilinilaza macho wazi wiki mbili." Nikamwomba radhi. Nilistahili kuambiwa hivyo.

Sasa, ndugu msomaji, tuone sababu yake.

Kopo linapima nafasi. Linakuambia kitu kimejaza mahali pakubwa kiasi gani. Mizani inapima uzito. Haya ni mambo mawili tofauti. Chukua debe la pumba na debe la mchanga. Nafasi ni moja. Lakini mtoto wa miaka kumi atajitwisha debe la pumba na kukimbia nalo, na debe la mchanga litamshinda mwanamume. Kila kitu kina uzito wake katika nafasi ileile.

Unga ni mwepesi kwa sababu katikati ya chembe zake kuna hewa. Kopo linaloonekana limejaa unga limejaa unga na hewa pamoja. Ndiyo maana unga una ujanja ambao maji hayana. Siku ileile ya mkutano nililigonga kopo juu ya meza mara kadhaa. Unga ukashuka. Nikaongeza mwingine mpaka ukajaa tena, nikapima. Sasa kopo lilelile lilikuwa na gramu 370. Kwa hiyo hata watu wawili wenye kopo moja wanaweza kupata vipimo viwili, mmoja akishindilia na mwingine akimimina polepole. Maji hayashindiliwi. Sukari na chumvi hushuka kidogo tu. Unga ndio msumbufu.

Hapa chini nimeandika uzito wa vyakula vya kawaida katika kikombe cha robo lita, yaani mililita 250. Chupa ya maji ya nusu lita inajaza vikombe viwili vya namna hiyo. Kikombe kijazwe bila kushindilia, na kilele kifutwe.

Maji: gramu 250
Maziwa: gramu 250 na zaidi kidogo
Mafuta ya kupikia: kama gramu 230
Sukari: kama gramu 210
Mchele: kama gramu 200
Maharage makavu: kama gramu 200
Unga wa mahindi: kama gramu 150
Karanga zilizobanguliwa: kama gramu 150
Unga wa ngano: kama gramu 130
Chumvi laini: kama gramu 300
Asali: kama gramu 350

Nimeandika neno "kama" kwa sababu mchele wa punje ndefu haulali sawa na mchele wa punje fupi, na unga uliosagwa laini haulali sawa na unga wenye chenga. Tazama asali na chumvi. Hivyo ni vizito kuliko maji. Mtu akidhani kikombe cha chumvi ni robo kilo, atazidisha chumvi. Akidhani kikombe cha unga wa ngano ni robo kilo, atapunguza unga karibu nusu. Kosa ni lilelile, lakini moja linamwangusha mbele na jingine linamwangusha nyuma.

Huenda kikombe chako hakijai robo lita. Vikombe vya nyumbani vina ukubwa mwingi. Usijali. Unaweza kukipima wewe mwenyewe bila mizani. Nunua paketi ya unga wa ngano ya kilo 2. Uzito umeandikwa juu ya paketi. Kabla ya kuutumia unga huo, hesabu umejaza vikombe vingapi vya kwako. Tuseme umepata vikombe 16. Kilo 2 ni gramu 2,000. Gawanya gramu 2,000 kwa 16, unapata gramu 125. Basi kikombe chako cha unga wa ngano ni gramu 125. Liandike jambo hilo mlangoni au ukutani karibu na meko. Fanya vilevile kwa paketi ya sukari ya kilo 1 na paketi ya chumvi ya nusu kilo. Kazi hii inafanywa mara moja tu, na kikombe kikivunjika, unaanza upya na kikombe kingine.

Unga wa kusagisha mashineni hauna paketi. Kwa unga huo, jitengenezee mizani ya mti. Tafuta fimbo kavu iliyonyooka, urefu wa kama mita moja. Ifunge kamba katikati uitundike kwenye boriti. Kila ncha ya fimbo ning'iniza sahani au kikapu kidogo. Vikapu viwe sawa, na umbali wao kutoka katikati uwe sawa. Fimbo ikiinamia upande mmoja, upande mwepesi bandika udongo kidogo mpaka ilale sawa. Sasa chukua chupa mbili za plastiki za nusu lita zinazofanana. Moja ijaze maji mpaka pale yanapofika yakitoka dukani, si mpaka mdomoni. Iweke kikapu cha kulia. Nyingine iwe tupu, iweke kikapu cha kushoto. Kisha mimina unga katika kikapu cha kushoto mpaka fimbo ilale sawa. Unga huo ni gramu 500, yaani nusu kilo, kwa sababu nusu lita ya maji ni nusu kilo. Hapa ndipo hesabu yangu ya ubaoni inapofaa!

Lakini mizani hiyo ni ya jikoni. Usiuzie watu. Mizani ya biashara ni lazima ikaguliwe na kupigwa chapa na Wakala wa Vipimo. Wakala huo ulianzishwa mwaka 2002, na unasimamia Sheria ya Vipimo, Sura ya 340.

Tuchukue mfano wa maandazi, maana vikundi vingi vinakaanga maandazi ya kuuza. Karatasi ya mapishi inaweza kusema hivi: unga wa ngano kilo 1, sukari gramu 150, hamira ya chenga gramu 10, maji ya uvuguvugu nusu lita, chumvi kidogo na mafuta kidogo. Mtu anachukua jagi la lita moja, anajaza unga, anasema hii ndiyo kilo. Sivyo. Jagi hilo lina vikombe vinne, kama gramu 520. Akimimina nusu lita ya maji atapata rojo, si donge. Mpishi mzoefu ataona kwa macho, ataongeza unga, na mkono wake utamwokoa. Lakini mpishi anayejifunza atadhani karatasi ni ya uongo na ataiacha.

Kwa vikombe vya robo lita, mapishi hayo ni hivi. Kilo 1 ya unga wa ngano ni vikombe 8 kasoro kidogo. Gramu 150 za sukari ni robo tatu ya kikombe, kasoro kidogo. Maji ni vikombe viwili. Hamira gramu 10 ni kama kijiko kimoja cha mezani. Anza na maji pungufu kidogo, kisha ongeza unavyokanda, maana unga mwingine unakunywa maji zaidi.

Hapo nimetaja kijiko. Vijiko navyo vina mambo yake. Kijiko cha chai cha kupimia ni mililita 5, na kijiko cha mezani ni mililita 15. Vijiko vitatu vya chai ni kijiko kimoja cha mezani. Lakini vijiko vya majumbani havilingani. Kama unacho kile kijiko cha plastiki kinachotolewa pamoja na dawa ya maji ya mtoto, kitunze. Vingi ni vya mililita 5, na mara nyingi imeandikwa juu yake. Tena ni lazima tuseme kama kijiko kimefutwa kilele au kina kilele. Kijiko cha sukari chenye kilele kinaweza kuwa sawa na viwili vilivyofutwa.

Katika chai hilo si neno. Katika maji ya mtoto anayeharisha ni jambo kubwa. Mtoto akiharisha apewe dawa ya paketi ya maji ya chumvi na sukari inayotolewa katika zahanati, na apelekwe huko. Paketi zilizo nyingi huchanganywa na lita moja ya maji safi. Soma paketi yako. Usikisie lita kwa sufuria. Tumia chupa mbili za nusu lita. Kama paketi haipo na zahanati iko mbali, unaweza kuchanganya nyumbani: maji safi na salama lita 1, sukari vijiko vya chai 6, chumvi nusu kijiko cha chai. Vijiko vyote vifutwe kilele. Chumvi ikizidi inaweza kumdhuru mtoto. Hapo mama asikubali kupima kwa mkono wala kwa macho.

Wapo watakaosema Bwana Shamba anadharau vipimo vya wazee. Sidharau. Bibi zetu walipika kwa kibaba na pishi, vibaba vinne kwa pishi moja, na watu walishiba. Siri yao ni kwamba walitumia chombo kimoja kwa kila kitu. Ukisema unga vibaba vitatu na maji vibaba sita, uji utatoka vilevile leo na kesho, hata kama hujui gramu. Matatizo yanaanza pale kipimo cha chombo kinapokutana na kipimo cha mizani. Hata katika dini jambo hili lipo. Waislamu hutoa zaka ya fitri pishi moja ya chakula, nayo pishi ni kipimo cha chombo. Siku hizi chakula kinanunuliwa kwa kilo, kwa hiyo masheikh huwaambia watu uzito, na wengi hutaja kilo 2 na nusu. Hiyo nayo ni kazi ya kugeuza nafasi kuwa uzito.

Nanyi wakulima wanaume mnaocheka kwamba haya ni mambo ya jikoni, ngojeni kidogo. Debe la zamani la mafuta ya taa lilikuwa la galoni nne, kama lita 18. Siku hizi wengi wanatumia ndoo ya lita 20. Ndoo hiyo ikijaa maji ni kilo 20. Ikijaa mahindi makavu, kilele kikifutwa, ni kama kilo 15 tu. Mnunuzi anajua hivyo. Ndiyo sababu anapenda kilele, na kilele kile kinaweza kuwa kilo mbili au tatu ambazo hulipwi. Habari ya lumbesa nitaieleza siku nyingine, maana nikianza sitamaliza.

Nirudi kwa wale akina mama. Baada ya mkutano ule waliamua kutengeneza kipimo kipya. Walipima nusu kilo ya unga kwa mizani, wakaimimina katika kopo kubwa la plastiki linaloonyesha ndani. Mtunza stoo akachora mstari kwa msumari wa moto pale unga ulipofika. Chini ya mstari wakaandika: "Unga wa mahindi, nusu kilo." Kopo hilo halipimi kitu kingine. Wameshanunua kopo la pili kwa ajili ya karanga. Uji wenye karanga humjenga mtoto zaidi, ila karanga zenye ukungu au zilizobadilika rangi zitupwe, zisisagwe kwa ajili ya mtu yeyote.

Msidhani kipimo kipya kilipokewa kwa vigelegele. Mama mmoja mwenye watoto sita alisimama akasema, "Kopo la zamani nililiweza. Hili la mstari siliwezi kila wiki." Alisema kweli. Kutoka gramu 310 mpaka gramu 500 ni karibu kopo moja la zamani na theluthi mbili. Kumbe kwa miezi yote ile walikuwa wakiandika nusu kilo katika daftari, na mtoto alikuwa akipata gramu 31 za unga mahali pa gramu 50. Wengine wakasema kopo la zamani lirudi, kwani nani alikufa? Mwalimu akajibu kwamba watoto walikuwa wakilia njaa kabla ya saa tano.

Walibishana mpaka jua likawa kali. Mwisho walikubaliana hivi. Baada ya mavuno kila mama ataleta unga mpaka kwenye mstari. Mwezi wa Januari na wa Februari, ghala zinapokuwa karibu tupu, kila mama ataleta kopo moja la zamani, na uji utapikwa siku tatu, mzito, badala ya siku tano ukiwa maji matupu. Mimi nilidhani siku tano za uji mwepesi ni afadhali kuliko siku mbili bila uji. Mpishi alikataa. Alisema yeye ndiye anayewatazama watoto wanapokula. Sikuendelea kubisha.

Nilipopita huko mara ya mwisho ilikuwa Februari. Mtunza stoo alinionyesha daftari. Safu ya "nusu kilo" ameipiga mstari. Mahali pake ameandika kwa herufi zake zilizonyooka: "kopo 1, gramu 310." Na chini ya jumla: "kilo 6, gramu 200, siku 3."

Mwezi ujao tutazungumza juu ya kuvuna na kukausha karanga ili zisishike ukungu.